Plutoni ya bomu la Nagasaki ilitengenezewa wapi, na mahali hapo pakoje leo?

Mwalimu wa Bondo

Habari zenu wanajukwaa. Mimi hufundisha historia katika shule moja ya upili hapa Bondo. Wiki jana na kidato cha tatu tulikuwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, tukafika Hiroshima na Nagasaki. Nikasimulia tarehe 9 Agosti 1945 kama ninavyoisimulia kila mwaka. Nilipomaliza, msichana mmoja ambaye nyanya yake huuza omena Luanda Kotieno akainua mkono: "Mwalimu, hicho kitu kilichotiwa kwenye bomu kilitengenezewa wapi? Na watu waliokuwa wakiishi hapo walienda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimwambia ni Marekani, mahali panapoitwa Hanford katika jimbo la Washington, nikamwahidi kwamba nitatafuta mengine. Kitabu chetu kinaeleza bomu lilikoangukia. Lilikotoka hakigusi.

Nimeanza kusoma, na kuna jambo moja limenikwamisha. Kinu cha nyuklia cha mwisho pale kilizimwa Januari 1987, mimi nikiwa darasa la pili. Leo ndevu zangu zina mvi, na bado kuna maelfu ya watu wanaoamka kila asubuhi kwenda kusafisha mahali hapo. Kiwanda kilichofungwa kinasafishwaje karibu miaka 40 na kazi isiishe? Ni uzembe, ni pesa, ama kuna kitu sijaelewa?

Nauliza pia kwa sababu hapa Siaya gumzo ni lile la kinu cha umeme wa nyuklia, na wazazi hunijia mimi kwa kuwa ni mwalimu. Sitaki kuwajibu kwa kubahatisha.

Fundi wa Visima, Nakuru

Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Nimechimba visima tangu 1998, Njoro, Rongai, Bahati, hadi Gilgil. Na hapo Hanford nimefika mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaishi Kennewick, mji wa karibu, akatualika Agosti 2019. Kulikuwa na basi la bure la kuwapeleka wageni kuona kinu cha kwanza kabisa, kile kiitwacho B, ambacho tangu 2015 kimo katika hifadhi ya kihistoria. Mke wangu alikataa kupanda. Nilienda peke yangu.

Ni mwendo mrefu kwenye nyika tupu, vichaka vya rangi ya majivu hadi macho yanapokoma. Eneo lenyewe lilikuwa kama kilomita za mraba 1,500, yaani karibu mara tatu ya kaunti ya Vihiga. Ukiingia ndani ya lile jengo unakutana na ukuta mrefu kama ghorofa tatu, umejaa midomo ya mabomba, safu juu ya safu. Ni mabomba 2,004. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka hadi mwongozaji akaniita.

Kazi ilienda hivi. Vipande vya urani, metali nzito yenye mionzi, vilivyovikwa alumini vilisukumwa ndani ya mabomba hayo kwa mbele. Vilikaa humo vikipigwa na nyutroni, chembe ndogo zitokazo kwenye kiini cha atomu, na sehemu ndogo sana ya urani ikageuka plutoni, ile iliyotiwa kwenye bomu. Kisha vikasukumwa vikadondoka upande wa nyuma ndani ya dimbwi la maji. Ili kinu kisiungue, maji ya mto Columbia yalipitishwa katikati yake, kama lita 280,000 kila dakika, halafu yakarudishwa mtoni. Kiliwashwa Septemba 1944, Enrico Fermi mwenyewe, mwanafizikia aliyeongoza kutengeneza kinu cha kwanza duniani, akiwepo. Vinu vingine vilifuata hadi vikawa tisa kando ya mto huo mmoja.

Vile vipande vilipopoa vilipelekwa kwa garimoshi hadi kwenye majengo ya saruji yasiyo na madirisha, marefu zaidi ya mita 240. Humo viliyeyushwa kwa asidi ya nitriki ili plutoni itengwe. Mafundi walifanya kazi wakiwa nyuma ya kuta nene, wakiendesha vyuma kwa mbali. Tani nzima ya urani ilitoa kama robo kilo tu ya plutoni. Sasa Mwalimu, robo kilo imeenda kwenye bomu. Ile tani iliyobaki, imeyeyuka, imechanganyika na asidi na sumu za kila aina, inaenda wapi?

Iliingia kwenye matangi chini ya ardhi. Jibu la swali lako liko hapo.

Yako matangi 177. Yale 149 ya zamani yana ukuta mmoja tu wa chuma ndani ya saruji, na 28 ya baadaye yana kuta mbili. Ndani yake kuna takriban lita milioni 210 za taka. Matangi ya kwanza yalijengwa 1943 na 1944 katika haraka ya vita. Chuma kisichoshika kutu kilikuwa adimu, wakatumia chuma cha kawaida. Lakini asidi ingekitoboa, kwa hiyo wakamimina soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, kuua ukali wa asidi kabla ya kuihifadhi. Shida ya siku hiyo ikatatuliwa. Ila kwa kufanya hivyo taka ziliongezeka ujazo, na mchanganyiko ukagawanyika: chini likashuka tope zito kama siagi ya njugu, juu yake chumvi iliyoganda kama mwamba, na juu kabisa majimaji. Kila tangi na mchanganyiko wake. Huwezi kuweka pampu ukavuta tu.

Matangi 67 kati ya yale ya ukuta mmoja yanashukiwa kuvuja. Mwaka 1973 tangi moja, T-106, lilimwaga kama lita 435,000 ardhini, na wiki kadhaa zilipita kabla ya mtu kugundua. Mimi kazi yangu ni ardhi, nikisoma hilo nasikia baridi mgongoni. Na mtu hawezi kushuka humo na koleo. Unafanya kazi kupitia tundu lililo juu, lenye upana wa sahani ya ugali, ukiteremsha mikono ya chuma na mabomba ya kurusha maji, huku gesi ya haidrojeni, inayoweza kulipuka, ikijikusanya ndani. Kundi moja la matangi 16 walimaliza kulikomba 2017 baada ya miaka mingi ya jasho. Fanya hesabu ya yaliyobaki.

Zikishatoka, mpango ni kuziyeyusha pamoja na viungo vya kioo kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,100 na kuzimwaga ndani ya mapipa ya chuma zigande, kwa sababu kioo hakivuji. Ujenzi wa kiwanda hicho ulianza 2002. Kioo cha kwanza chenye taka halisi kimeanza kumwagwa 2025. Ndiyo maana nasema pesa peke yake si jibu, ingawa ripoti ya serikali yao ya 2019 ilikadiria kazi iliyobaki kuanzia dola bilioni 323 hadi bilioni 677.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ya matangi ni maji ya chini. Miaka ile yote waliyaachia maji machafu yenye sumu hafifu yazame mchangani kupitia madimbwi na mitaro, na ni mengi mno kuliko yaliyomo kwenye matangi. Chini ya sehemu fulani maji ya ardhini yalipanda zaidi ya mita 20. Fundi wa visima akisikia hivyo ataelewa: ukipandisha maji, umeyapa nguvu ya kutembea, na yanatembea kuelekea mtoni. Ndani yake kuna kromi, ambayo ilitiwa kwenye maji ya kupozea ili mabomba yasile kutu, na kromi ya aina hiyo inaua vifaranga vya samaki. Sasa kuna visima vingi vya kuyavuta maji hayo, kuyachuja na kuyarudisha.

Kuna mahali wamefanya jambo ambalo kama fundi nawavulia kofia. Karibu na kinu kiitwacho N, kimoja cha vile tisa, taka ya mionzi iitwayo stronti-90 ilikuwa ikielekea mtoni. Stronti ina tabia kama ya kalisi, ndiyo maana ikiingia mwilini hukimbilia mifupani. Wakachimba safu ya visima sambamba na ukingo wa mto, wakadunga dawa inayotengeneza apatiti, madini ya jamii moja na mfupa wetu. Ardhi ikawa na ukuta wa mfupa, na stronti ikifika inanaswa pale. Nguvu zake hupungua nusu kila miaka 29, hivyo ukiizuia muda wa kutosha inakwisha yenyewe. Plutoni huwezi kuisubiri hivyo. Yenyewe huchukua miaka 24,100 kupungua nusu.

Samahani kwa urefu. Mwaka 2006 nilichimba kisima Rongai, mita 140, maji yakatoka meupe kabisa, familia ikashangilia na mbuzi akachinjwa. Nilirudi baada ya miaka kadhaa nikakuta meno ya mtoto wa nyumba ile yana madoa ya kahawia. Floraidi. Hiyo ni ya asili, hakuna aliyeimwaga, ni miamba yetu ya volkano. Lakini nilikuwa sijasisitiza maji yapimwe, na yule mtoto nikikutana naye hadi leo moyo unaniuma. Tangu siku hiyo siamini maji kwa rangi yake.

NyarDunga

Fundi, asante. Lakini msichana wa Bondo aliuliza maswali mawili na wewe umejibu moja. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, nimezaliwa Dunga, nitajaribu hilo la pili.

Pale palikuwa na vijiji vya wakulima, White Bluffs, Hanford na Richland, watu kama 1,500 hivi, wenye mashamba ya pichi, aprikoti na cheri waliyoyanyeshea kwa maji ya mto. Mwanzoni mwa 1943 barua za serikali zilifika. Wengine walipewa siku 30 kuhama. Sababu hawakuambiwa, kwa kuwa ilikuwa siri ya vita. Matunda waliyoyaacha mitini yalichumwa na wafungwa. Makaburi ya White Bluffs yakafukuliwa na mabaki ya wafu yakahamishiwa Prosser. Mwalimu, hilo la makaburi waeleze wanafunzi wako polepole. Sisi tunajua kaburi la baba ni nini katika boma.

Na kabla ya wakulima hao kulikuwa na Wanapum, wenyeji wa pale, waliokuwa wakivua samaki aina ya salmoni mahali hapo vizazi kwa vizazi. Wao pia walifungiwa mto wao. Watu wa Yakama walikuwa na mkataba wa 1855 uliowapa haki ya kuvua katika maeneo yao ya zamani, na jambo hilo lingali mezani katika kila uamuzi wa usafishaji leo.

Sasa waliobaki jirani. Urani ikitoka kinuni huwa na iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, inayopungua nusu kila siku 8. Ukisubiri miezi mitatu hivi kabla ya kuyeyusha, karibu yote imekufa. Miaka ya kwanza hawakuwa na subira hiyo, nyingi ikatoka kwenye mabomba ya moshi. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1949 walifanya kwa makusudi: waliyeyusha urani mbichi, iliyopozwa siku 16 tu, ili wajifunze kutambua moshi wa viwanda vya Wasovieti, ambao walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza Agosti mwaka huo. Hakuna mkulima aliyeambiwa.

Iodini inatua kwenye nyasi, ng'ombe anakula, inatokea kwenye maziwa, mtoto anakunywa, na tezi ndogo ya shingoni inaifyonza kwa sababu inaipenda iodini na haijui kutofautisha nzuri na mbaya. Mtoto ndiye anayekunywa maziwa mengi, na tezi yake ni ndogo, kwa hiyo kipimo kinakuwa kikubwa kwake. Hayo yote yalibaki kwenye makabati hadi 1986, kurasa 19,000 zilipotolewa kwa umma. Mama aliyemnywesha mwanawe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe 1949 alijua ukweli akiwa bibi kizee. Utafiti mkubwa uliokamilika 2002 ulisema haukuona uhusiano kati ya kipimo cha iodini na magonjwa ya tezi katika kundi walilolichunguza. Wakazi wengi hawakuukubali. Mimi ninachojua kutoka wodini ni kwamba mgonjwa aliyefichwa jambo miaka 37 hawezi kukuamini mwaka wa 38, hata ukimletea karatasi za kweli.

Na samaki, kwa kuwa mimi ni wa ziwa. Maji yaliyopita vinuni yalibeba zinki-65, zinki yenye mionzi, hadi baharini, ikapatikana ndani ya chaza wa pwani ya Pasifiki, mamia ya kilomita kutoka kiwandani.

Mkazi wa Kakamega

Nimesoma yote kwa makini, ila nina pingamizi. Mbona Rocky Flats ilisafishwa ikaisha? Hicho kilikuwa kiwanda karibu na Denver, Colorado, kilichokuwa kikichonga plutoni kuwa viini vya mabomu tangu 1952. Kiliwaka moto vibaya Septemba 1957 na tena Mei 1969. Juni 1989 FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walikivamia, serikali ikipekua kiwanda chake yenyewe, na kampuni iliyokiendesha, Rockwell, ikakiri makosa ya mazingira 1992 na kutozwa faini ya dola milioni 18.5. Mwaka 1995 wataalamu walikadiria kusafisha kungechukua kama miaka 65 na zaidi ya dola bilioni 36. Wakamaliza 2005 kwa takriban bilioni 7. Tangu 2018 watu wanatembea pale na baiskeli, ni hifadhi ya wanyama. Kwa hiyo ikiwepo nia, inawezekana. Au mnasemaje?

Fundi wa Visima, Nakuru

Ndugu wa Kakamega, hoja yako ni nzuri na wale wafanyakazi wanastahili heshima. Walibomoa majengo yaliyokuwa na plutoni hadi kwenye mifereji ya hewa, na hawakuchelewa.

Lakini tazama tofauti mbili. Kwanza, Rocky Flats haikuyeyusha urani ya vinuni, kwa hiyo haikuwa na matangi kama yale. Taka zake nyingi zilikuwa vitu vikavu: vyuma, glavu, vichujio, udongo. Kitu kikavu unakifunga, unakipakia kwenye lori. Pili, uliza lori lilienda wapi. Taka zenye plutoni zilipelekwa jimbo la New Mexico, kwenye vyumba vilivyochimbwa ndani ya mwamba wa chumvi mita 655 chini ya ardhi, ambavyo vilianza kupokea taka 1999. Bila shimo hilo la chumvi, Rocky Flats ingekuwa imejaa mapipa hadi leo.

Na hata pale hawakutoa kila kitu. Katikati ya hifadhi kuna eneo ambalo bado limefungwa. Misingi iliyo chini sana iliachwa imefukiwa. Udongo wa juu ulisafishwa hadi kiwango walichokubaliana, na chini zaidi kiwango kikalegezwa. Watu wa Denver bado wanabishana kama mtoto apelekwe kutembea pale. Upepo wa milima ile ni mkali, na ni upepo huo huo uliotawanya plutoni kutoka kwenye mapipa ya mafuta yaliyokuwa yakivuja nje.

Hanford nako kuna yaliyokwisha. Vinu vingi vya ukingoni vimevikwa makoti ya chuma visubiri kama miaka 75 mionzi ipungue. Kiwanda cha mwisho cha plutoni kilibomolewa hadi usawa wa ardhi, wakamaliza 2021. NyarDunga, wewe wa ziwa utapenda kusikia hili: kwa kuwa eneo lilifungwa, mabwawa hayakujengwa kwenye kipande kile cha Columbia, na salmoni wa majira ya vuli wanataga kwa wingi hapo kuliko mahali pengine mtoni. Wanapum wangali karibu, na mto ungali hai. Basi ile kromi ikizuiwa kuna kitu cha kuokoa.

Mwalimu wa Bondo

Ndugu zangu, nimekaa na simu hii hadi saa nne usiku. Asanteni sana. NyarDunga, hilo la barua na makaburi nitaanza nalo Jumatatu kabla sijagusa bomu lenyewe.

Nirudi kwa wazazi wangu wa hapa. Mmoja jana aliniambia Siaya itakuwa Hanford. Nimjibu nini?

Fundi wa Visima, Nakuru

Mwambie hapana, na umwambie kwa nini. Kinu cha umeme hakiyeyushi urani kwa asidi. Fueli iliyotumika hubaki vijiti vigumu, hukaa majini miaka kadhaa, kisha huwekwa kwenye makasha makubwa ya chuma na saruji. Yale matangi ya Hanford yalitokana na kutafuta plutoni ya bomu, tena gizani, bila mtu wa nje wa kuuliza swali. Kumtisha mzee kwa mfano usiolingana ni kumnyang'anya haki ya kuamua akiwa na akili timamu.

Ila swali moja linafaa pande zote mbili. Hivyo vijiti vitalala wapi? Marekani yenyewe, na utajiri wake wote, haina mpaka leo mahali pa kudumu pa kuzika fueli ya vinu vya umeme. Imekaa kwenye makasha pale pale vilipo vinu. Kukiitwa kikao cha kutoa maoni ya wananchi, mtu asimame aulize hilo, na jibu liandikwe.

Na jambo la pili ni la fundi. Pimeni maji yenu sasa. Visima, chemchemi, ukingo wa ziwa. Hanford walihangaika miaka kutenganisha kilichokuwepo na kilichomwagwa. Ninyi mkiwa na vipimo vya leo, vyenye tarehe na mahali, hakuna atakayewaambia kesho kwamba maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Shule yako ina kisima?

Mwalimu wa Bondo

Kipo, cha pampu ya mkono, kando ya jikoni. Na nyanya wa yule msichana anasema kuna kingine cha zamani karibu na soko la samaki. Nitumie jinsi ya kuchukua sampuli, chupa za aina gani na zikae muda gani kabla ya kufika maabara. Nitamwachia yeye aandike tarehe.

Fundi wa Visima, Nakuru

Nakuandikia usiku huu. Piga pampu dakika kumi kwanza maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, ndipo mkinge. Chupa ya floraidi iwe ya plastiki, si ya kioo.